Sombe au Kisamvu? Maneno ya Jikoni katika Nyumba za Muhima

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza insha fupi yenye kichwa "Chakula cha Jumapili nyumbani kwetu". Lilikuwa zoezi tu, la alama kumi. Mwanafunzi mmoja, mkazi wa hapa hapa Muhima, aliandika kwamba bibi yake hupika mchele na sombe, kwamba mgeni huletewa kwanza kilauri cha maji, na kwamba mtoto haruhusiwi kugusa kanya kabla wakubwa hawajaanza. Nikachukua kalamu nyekundu nikafanya kama nilivyozoea miaka yote. Mchele nikaukata nikaandika wali. Sombe nikaandika kisamvu, kilauri nikaandika bilauri, kanya nikaandika uma. Nikampa nne.

Alipopokea karatasi hakubisha. Aliniuliza tu, "Mwalimu, kwa hiyo bibi yangu hajui Kiswahili?"

Bibi huyo amezungumza Kiswahili tangu utotoni. Mimi nilikianza darasani. Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo, na makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Kwa msomaji asiyeijua Kigali: Muhima ni sekta ya Wilaya ya Nyarugenge, mteremko unaoanzia katikati ya jiji na kushuka hadi Nyabugogo, kwenye kituo kikuu cha mabasi. Watu wa kila upande hupita hapo, na wengine hawaendelei na safari. Hata hivyo Kiswahili hakikuletwa na mabasi. Kilikuja na mji wenyewe. Mjerumani Richard Kandt alipoanzisha kituo cha utawala Nyarugenge mwaka 1907, askari, watumishi na wafanyabiashara waliofuatana na utawala huo walikuwa wakizungumza Kiswahili, na Wajerumani walikitumia katika kazi zao hadi walipoondolewa mwaka 1916. Msikiti wa Al-Fatah huko Nyamirambo unahesabiwa kuwa wa mwaka 1913. Baadaye Wabelgiji waliwatengea Waislamu mtaa wao upande wa Biryogo, ukaitwa Kambi ya Waswahili. Ndiyo sababu katika Kinyarwanda neno "umuswahili" lilikuja kumaanisha Mwislamu na pia, kwa bahati mbaya, mtu mjanjamjanja asiyeaminika. Wazazi wengi wa rika langu walituonya tusiongee "lugha ya mjini". Jambo hili tusilisahau tunaposhika kalamu nyekundu, kwa maana mwanafunzi anayetoka katika nyumba ya Kiswahili amekwisha kuambiwa na jirani kwamba lugha yake ni ya wahuni, kisha anakuja chuoni na mwalimu wa Kiswahili anamwambia kwamba hata Kiswahili chenyewe si hicho.

Baada ya mwaka 1994 familia nyingi zilirejea kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Uganda, kila moja na Kiswahili chake. Mwanafunzi wangu ni mfano mzuri. Bibi alikulia Bukavu, baba alizaliwa Bujumbura, na mke wa baba mdogo ametoka Bukoba. Wote hukutana Jumapili kwenye nyumba moja, jiko moja. Bibi anaagiza mbabula iwashwe. Mke wa baba mdogo anajua ni jiko la mkaa. Wapangaji wa uani, wasemao Kinyarwanda, wanaita imbabura. Bibi husema "tunakulaka", baba husema "tunakulaga". Hiyo -ga tumezoea kuisahihisha kana kwamba ni ugonjwa wa Bujumbura, ilhali husikika mpaka Mwanza.

Na kuna neno lenyewe "bibi". Katika Kiswahili cha Kongo, "bibi yangu" ni mke wangu. Niliwahi kushuhudia mgeni kutoka Bukavu akiwatambulisha wenyeji kwa "bibi" yake, binti wa miaka ishirini na kitu, na wanafunzi waliosoma kwa vitabu vya Tanzania wakabaki kutazamana.

Turudi jikoni, kwa maana huko ndiko mambo yaliko. Kinyarwanda kimechukua maneno mengi ya chakula kutoka Kiswahili, kikayavisha nguo zake. Kijiko ni ikiyiko, lakini kikombe ni igikombe na kitunguu ni igitunguru. Kwa nini ki- ibaki mahali pamoja na kugeuka gi- mahali pengine? Ni ile kanuni ya fonolojia inayoitwa Kanuni ya Dahl: kiambishi chenye k hugeuka g silabi inayofuata ikianza kwa konsonanti isiyo ghuna. Wanafunzi wetu huifuata bila kufundishwa, na ndiyo sababu wengine hutamka "gitabu" na "gikombe" hata wanapoongea Kiswahili. Kitunguu saumu kimekuwa tungurusumu, neno ambalo mimi binafsi nalipenda kuliko la asili. Sahani ni isahani na sufuria ni isafuriya. Kutokana na sufuria kukazaliwa chakula kizima: igisafuriya, yaani kuku au nyama iliyopikwa pamoja na ndizi katika chungu kimoja, chakula ambacho wakazi wa Nyamirambo watakuapia kwamba ni chao.

Tazama pia maandazi. Kamusi inasema andazi, maandazi. Mnyarwanda alisikia "mandazi", akaiona ma- ya wingi, akaiondoa, akabaki na ndazi. Umoja akaufanya irindazi. Ni kosa? Mantiki yake haina dosari. Nadhani kilauri nacho kilipatikana kwa njia hiyo hiyo. Bilauri ni neno lenye asili ya Kiarabu, na bi- yake si kiambishi. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili cha Kongo, ambaye vitu kwake ni "bintu", bi- ni wingi, kwa hiyo kimoja lazima kiwe kilauri. Kinyarwanda kikapata ikirahuri. Kwa hiyo mwanafunzi niliyemkata alikuwa amefuata sarufi, tena sarufi yenye utaratibu. Tofauti ni kwamba si ile iliyo kwenye kitabu changu.

Viazi vina kisa chao. Ibirayi, ambavyo Goma huviita birayi, ni viazi mviringo, na si vigumu kulisikia ndani yake neno Ulaya, sawa na Kinyarwanda kinavyoliita bara hilo Uburayi. Viazi vitamu ni ibijumba. Ndizi ndiyo inayotutesa zaidi darasani, kwa kuwa Kinyarwanda hakina neno moja la jumla la kulingana nalo: igitoki ni ya kupika, umuneke ni ile mbivu ya kumenya na kula. Mwanafunzi akisoma "Juma alikula ndizi" huuliza ndizi gani, na ana haki ya kuuliza. Imizuzu ya kukaanga, inayouzwa mpaka hotelini, ni ndugu wa ndizi mzuzu wa Tanzania. Halafu yapo maneno ya Kifaransa yaliyoingia mlango wa nyuma: ifiriti kwa chipsi, ishu kwa kabichi, avoka kwa parachichi. Hayo nayaacha, yanahitaji makala yake.

Sasa sombe. Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, siku ya kwanza niliingia kwa mama ntilie nikasema, "Shikamoo mama, naomba mchele na sombe." Akaniitikia marahaba, akanitazama, akacheka. "Mchele uko dukani, mwanangu. Hapa nina wali. Na hiyo sombe ndiyo nini?" Nikamweleza kwamba ni majani ya muhogo yaliyotwangwa. "Aa, kisamvu!" Akanipakulia. Kilipikwa kwa tui la nazi, kizito, kitamu, na hakikufanana hata kidogo na sombe niliyoijua, ya mawese au ya karanga. Nilikula na kumaliza, ila nilijua kwamba nilikuwa nakula kitu kingine.

Nilisahau jambo hilo kwa miaka kumi na mitano, mpaka insha ile iliponikumbusha. Majani ni yale yale, chakula si kile kile. Nilipokata "sombe" na kuandika "kisamvu" sikusahihisha lugha. Nilibadilisha kile bibi alichopika.

Mchele ni kesi tofauti, na hapa sikubaliani na wenzangu wanaosema kila lahaja iachwe kama ilivyo. Mpunga ukiwa shambani, mchele ukiwa umekobolewa, wali ukiwa umeiva: tofauti hizo ni mali ya lugha, na Kinyarwanda, ambacho husema umuceri kwa yote matatu, hakiwezi kumsaidia mwanafunzi wetu. Akienda Dar es Salaam atachekwa kama nilivyochekwa. Hilo lazima afundishwe, na likikosewa lisahihishwe.

Yako pia mambo ya mezani yasiyo maneno tu. Kwa desturi ya Kinyarwanda mtu mzima hali hadharani. Kutafuna njiani ni aibu, na ukimkuta mtu anakula unageuza macho. Katika nyumba za Waswahili wa Kigali mambo ni kinyume: ukipita mlango ukiwa wazi na sinia limetengwa, utaitwa "karibu", na kukataa bila sababu ni dharau. Wakati wa mfungo wa Ramadhani, ambao hapa huitwa igisibo, jirani asiyefunga naye hupelekewa sahani ya sambusa na uji jioni. Wanafunzi wanaoishi katika nyumba zenye wazazi wa pande zote mbili wanajua ni wakati gani wa kuita karibu na wakati gani wa kufunga mlango. Ujuzi huo ni wa lugha vilevile. Somo letu la "maamkizi na adabu", linaloanza kwa shikamoo na kuishia kwa kwaheri, haliufikii.

Nimesoma kwamba jambo kama letu liliwapata Waitalia wa Marekani. Kati ya miaka ya 1880 na 1924, ambapo sheria ya mgao ilipunguza sana wahamiaji, takriban Waitalia milioni nne walihamia huko, wengi wao wakitoka kusini: Napoli na mikoa ya jirani, Calabria, Sicilia. Italia ilikuwa imeungana kuwa nchi moja mwaka 1861 tu, na Kiitaliano cha shule, chenye msingi wa Kifirenze, kilikuwa hakijafika kwenye majiko yao. Wakaondoka na maneno ya kwao. Nyama iitwayo capocollo katika Kiitaliano sanifu, wajukuu wao wa New Jersey huitamka "gabagool": k imekuwa g, p imekuwa b, irabu ya mwisho imemezwa. Msomaji aliyezoea kikombe kugeuka igikombe hatashangaa, ingawa kanuni yenyewe si moja. Mjukuu huyo akienda Roma huambiwa kwamba hajui Kiitaliano, ingawa kinachosikika mdomoni mwake ni lugha ya kijiji cha babu, iliyosafiri na kubadilika kidogo njiani.

Kwetu pia usanifu una tarehe na mahali. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, makoloni na nchi zilizokuwa chini ya Mwingereza. Rwanda, Burundi na Kongo zilikuwa chini ya Mbelgiji. Hakuna aliyemwuliza bibi wa Bukavu anaitaje majani ya muhogo. Silalamiki, bila kazi ile nisingekuwa na kamusi ya kufundishia, na mwanafunzi wangu asingeelewana na wa Mombasa. Lakini Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo wenye kilauri na sombe wamo ndani ya ukumbi sasa. Kitabu cha kiada kinachowachukulia kama wageni kimechelewa.

Mwanafunzi yule nilimwita ofisini. Nilimrudishia karatasi ikiwa na saba. Mchele ulibaki na alama yake nyekundu, nikamweleza kwa nini, akacheka niliposimulia habari ya mama ntilie. Kwa maneno yaliyobaki siku hizi sikati. Naandika pembeni neno la pili pamoja na mahali linapotumika: kilauri, Kongo, bilauri, pwani. Kazi inachukua muda mrefu zaidi, na mara nyingine hunibidi niulize kwa sababu sijui.

Muhula huu darasa zima limepewa daftari. Kila mmoja akae na mkubwa mmoja wa nyumbani au wa mtaani, aandike maneno thelathini ya jikoni, jinsi yanavyotamkwa, alikojifunzia msemaji na anavyokipika chakula hicho. Haraka ipo, kwa maana wazee wanaondoka, na familia zinazohama mitaa ya katikati ya jiji kwenda pembezoni hazihami pamoja. Madaftari kumi na saba yamesharudi. Bibi wa Bukavu alikataa thelathini, akatoa sitini na mbili, na akamtuma mjukuu wake aniulize kisamvu cha Dar es Salaam hupikwa na nini. Nikajibu kwamba nilichokula kilikuwa cha nazi. Jibu lake limeandikwa kwenye ukurasa wa mwisho: "Basi hiyo haiko sombe."

Walimu wenzangu watakaopenda kuyaona madaftari hayo watayakuta kwenye kabati la idara, rafu ya chini. Tafadhali yarudishwe.