Maji ya kuacha mtoni mwezi wa kenda na wa kumi



Kila kiangazi bustani zinaongezeka kandokando ya Panda, Buluo na vijito vingine vinavyopeleka maji upande wa Lufira. Tomati, shu, vitunguu, lengalenga: soko la Likasi linavitaka, na motopompe zinasaidia. Hatusemi muache. Tunasema juu ya miezi miwili tu, wa kenda na wa kumi, wakati mvula haijarudi na mto umekuwa mdogo kabisa.

Ndio wakati joto linarudi na tilapia wetu wa asili, ambaye wataalamu wanamwita Oreochromis macrochir, anaanza kuzaa. Dume anachimba kiota kwenye maji mafupi. Jike anataga humo, kisha anabeba mayai kinywani, na watoto wanakomalia pembeni penye nyasi. Basi mto ukishuka shibiri moja au mbili, kiota kinabaki kwenye matope. Samaki huyu ndiye aliyefugwa Kipopo, karibu na Lubumbashi, miaka ya 1940 na 1950. Leo IUCN imemwandika kati ya samaki walio hatarini. Upande wa Zambezi, kinachommaliza zaidi ni tilapia wa Nil anayeletwa kufugwa, ambaye anazaa naye na kumfukuza (kwa hiyo, wenye mabwawa yanayomwagika mtoni, musilete mbegu hiyo). Lakini mwenye adui mmoja tusimwongezee wa pili.

Na sisi wenyewe tunaumia. Maji machafu ya viwanda vya madini yakiingia katika mto uliopungua, uchafu ni ule ule na maji ni kidogo. Ndiyo tunayoyamwagia mboga.

Tanzania wamekwisha kuyaona hayo kwenye mto Ruaha Mkuu. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwisho wa 1993 unakauka karibu kila kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, samaki wanabanana katika vidimbwi na kufa. Juu yake, bonde la Usangu, kuna mashamba makubwa ya mpunga. Wengi walifikiri kosa ni wakulima wenye mifereji ya miti na mawe. Kumbe ile mifereji ya zamani ilivuja, na maji yaliyovuja yalirudi mtoni. Milango mipya ya beto iliweza kuchukua karibu mto wote, na ikaachwa wazi hata wakati mpunga umekwisha kuvunwa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba kufika 2010 mto utatiririka tena mwaka mzima. Mwaka ulifika, mto bado unakauka. Kwa hiyo chombo kizuri peke yake hakiokoi maji. Motopompe ni vilevile.

Tupige hesabu. Mboga zilizokomaa, kwenye jua la mwezi wa kenda, zinataka karibu litre 5 kwa metre moja ya mraba kwa siku. Kitanda cha metre 10 kwa 1,2 kinataka litre 60, ndiyo arozwari sita za litre 10. Pimeni motopompe yenu: ikijaza ndoo ya litre 20 kwa segonde 4, inatoa litre 18 000 kwa saa, maji ya vitanda 300. Nani kati yetu ana vitanda 300? Mwenye 50 anahitaji dakika kumi, tuseme kumi na tano kwa sababu ya kuvuja. Anayeiacha ikilia asubuhi yote anaosha mbolea yake na kuchoma esansi yake bure.

Mwagilieni mapema asubuhi au jioni, na funikeni udongo kwa nyasi kavu; hilo peke yake linapunguza sana maji. Musizibe mto kwa mifuko ya mchanga toka ukingo hadi ukingo: acheni njia katikati. Kichwa cha mpira wa kuvuta kifungwe wavu mdogo, la sivyo vifaranga vya samaki vinaingia kwenye pompe.

La mwisho ni zamu. Simikeni mtoni kijiti chenye alama. Maji yakifika alama ya chini, walio juu wanavuta leo, walio chini kesho. Alama hiyo ipangwe na watu wa bustani pamoja na wavuvi, mwezi wa nane haujaisha, maana mto ukisha kushuka kila mmoja atavutia kwake.