Himofilia Dodoma: Kipimo Kwanza, Dawa Baadaye

Mkoani Dodoma, himofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda, mara nyingi hujulikana kwa ncha ya kitu chenye makali. Kwanza huwa chanjo ya wiki ya sita: paja la mtoto linavimba na kuwa jeusi, na mama anaambiwa kuwa muuguzi alichoma vibaya. Baadaye mtoto anakohoa, bibi anasema kimeo kimerefuka, anaitwa mkataji. Kimeo kinakatwa asubuhi, na hadi usiku mtoto bado anatema damu. Kwingine ni "meno ya nailoni": mtoto ana homa na anaharisha, basi fizi zake zinachokonolewa kutoa meno ambayo bado hayajaota. Anayepita salama huko kote anangojwa na jando. Wagogo huwatahiri wavulana wao wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa ghalani na mvua ikiwa mbali. Familia kadhaa hapa kwetu zimegundua jandoni kwamba damu ya kijana wao haigandi, na si zote zilizorudi naye nyumbani.

Damu inapotoka kwenye mshipa uliokatika, mwili huziita kazini protini kadhaa ambazo madaktari huziita fakta, nazo hupewa namba. Hupokezana kazi kama vibarua wanaopandisha matofali ghorofani, kila mmoja akimrushia wa juu yake. Kibarua mmoja asipokuwapo, tofali haliendi juu hata kama wengine wote wamesimama mahali pao. Asiye na fakta namba 8 ana himofilia A. Asiye na fakta namba 9 ana himofilia B, ambayo ni adimu zaidi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mgonjwa havuji damu kwa kasi kuliko wewe, ila anavuja kwa muda mrefu, na mara nyingi anavuja ndani, pasipoonekana: kwenye goti, kiwiko, kifundo cha mguu, msuli wa nyonga, na mara chache kichwani, ambako ndiko kifo kiliko. Jeraha dogo la kisu jikoni halimtishi sana. Goti linalojaa damu mara kwa mara ndilo humfanya kilema kabla hajafika miaka ishirini.

Ukali wake hupimwa kwa kiasi cha fakta kilichobaki. Chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida ni himofilia kali, na mtoto huvuja damu hata bila kuumia. Kati ya asilimia 1 na 5 ni ya wastani. Kuanzia 5 hadi 40 ni hafifu, na mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kujua, mpaka ang'olewe jino au afanyiwe upasuaji.

Ni wangapi? Makadirio ya dunia ni kama wanaume 21 katika kila wanaume 100,000. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dodoma una watu 3,085,625. Chukua nusu yao kuwa wanaume, piga hesabu, utapata watu wapatao 300 katika mkoa huu peke yake, Singida bado hatujaigusa. Wanaofahamika hospitalini hawafiki popote karibu na hesabu hiyo. Wengine wamezikwa wakiwa wadogo kwa jina la ugonjwa mwingine, na wengine wako vijijini wakichechemea.

Kwa nini jina la ugonjwa mwingine? Kwa sababu goti lililovimba lina wadai wengi. Zahanati hufikiria selimundu, ambayo ni ya kawaida zaidi na nayo huleta maumivu ya viungo. Wazee husema baridi yabisi. Mganga wa kienyeji husema tego au mkono wa mtu, na dawa yake ni chale juu ya uvimbe, yaani kumkata kwa wembe mtu ambaye damu yake haigandi. Sijaona tiba inayodhuru kuliko hiyo, ukiacha moja ya kisasa: sindano ya diklofenaki kwenye makalio. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huzidisha kuvuja, na sindano ya msuli huacha donge la damu ndani ya nyama. Mtoto anaingia duka la dawa na goti bovu, anatoka na goti bovu na kalio lililovimba.

Suala la lawama nalo lina gharama yake. Jeni la fakta namba 8 na la fakta namba 9 yote yako kwenye kromosomu ya X, ambayo mwana wa kiume huipata kwa mama yake. Ndiyo maana wanaougua sana ni wavulana, na ndiyo maana ukweni humgeukia mama. Lakini katika takriban theluthi moja ya wagonjwa hakuna historia yoyote kwenye ukoo; kasoro imeanza na mtoto huyo au na mama yake. Na baba mwenye himofilia hampi mwanawe wa kiume kasoro hiyo hata kidogo, ila binti zake wote huibeba. Kumfukuza mama hakuokoi goti lolote. Mabinti hao wabebaji nao wasisahaulike. Baadhi yao wana fakta kidogo kiasi cha kupata hedhi nzito isiyokoma na kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Dodoma na Singida bado kuna wanaowakeketa watoto wachanga wa kike kwa madai ya kuwatibu lawalawa, ilhali sheria imekataza ukeketaji wa wasichana tangu mwaka 1998. Lawalawa ni maambukizi au uchafu tu, na hutibika kwa maji, sabuni na dawa ya zahanati. Kumkeketa mtoto ni ukatili kwa binti yeyote. Kwa binti mbebaji kunaweza pia kuwa mwisho wake.

Sasa tiba. Familia ikishaambiwa himofilia, swali la kwanza huwa "dawa yake ipi?" Hatuwezi kujibu swali hilo kabla ya kupima. Kipimo cha mwanzo ni kuangalia muda wa damu kuganda: PT huwa ya kawaida, APTT huchukua muda mrefu. Hapo daktari anashuku. Kisha hupimwa fakta yenyewe, namba 8 na namba 9, ili kujua aina na kiwango. Maabara ya kufanya hivyo si lazima iwe jirani. Plazima iliyotenganishwa vizuri na kugandishwa inaweza kusafirishwa, mtoto akabaki na mama yake. Kwa watu wa nyanda za kati, mlango wa kubisha ni Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, yenye mabingwa wa magonjwa ya damu. Muhimbili jijini Dar es Salaam ndiko kliniki ya himofilia ilikotangulia, na tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024 safari ya kwenda Dar es Salaam imekuwa ya saa chache badala ya kutwa nzima ndani ya basi, jambo ambalo kwa mwenye nyonga iliyojaa damu si anasa.

Aina ya himofilia inavyobadilisha tiba, ichukue kwa hesabu hii. Mtoto wa kilo 30 ana himofilia A na goti limejaa damu. Tukitaka kumfikisha asilimia 40, anahitaji yuniti 600 za fakta namba 8: kichupa kimoja au viwili vya dawa iliyokaushwa, anachomwa kwenye mshipa kwa dakika chache. Angekuwa na himofilia B, angehitaji yuniti 1,200 za fakta namba 9, maana hiyo hutawanyika zaidi mwilini. Dawa ya mmoja haimfai mwenzake hata tone.

Vichupa visipokuwapo, kuna krayo, mashapo yanayobaki plazima iliyogandishwa inapoyeyushwa taratibu kwenye baridi. Aliyeligundua hilo ni Judith Pool wa Marekani, katikati ya miaka ya 1960, na hadi leo linaokoa watu katika nchi zisizo na fedha za vichupa. Mfuko mmoja una yuniti kama 70 hadi 80 za fakta namba 8. Kwa mtoto wetu ni mifuko minane, yaani wachangia damu wanane kwa goti moja. Ila krayo haina fakta namba 9 ya kutosha. Ukimpa mwenye himofilia B umempa maji ya gharama. Huyo, pasipo kichupa chake, hupewa plazima nzima, na plazima inahitajika nyingi kiasi kwamba moyo wa mtoto unaweza kuelemewa kabla damu haijasimama. Damu na mazao yake lazima vipimwe kila mara. Katika miaka ya 1980 maelfu ya wenye himofilia Marekani na Ulaya waliambukizwa virusi vya UKIMWI kupitia fakta iliyotengenezwa kwa plazima, kabla viwanda havijaanza kuua virusi kwa joto. Dawa za leo ni salama kuliko zile kwa mbali sana.

Jambo la pili baada ya aina ni saa. Mgonjwa mzoefu huhisi mchonyoto ndani ya kiungo kabla hakijavimba. Akipewa fakta katika saa mbili za kwanza, dozi ndogo humtosha na kesho anatembea. Akisubiri siku tatu, dozi kubwa haiwezi kurudisha gegedu lililokwisha kuliwa. Kwa kijana wa pembezoni mwa Kondoa, au wa Bahi barabara zikiwa tope, saa mbili ni ndoto endapo dawa yote iko mjini. Zahanati nyingi zina friji ya chanjo inayotunza nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na hilo ndilo joto la kutunzia fakta. Vichupa viwili vya mgonjwa anayejulikana, vikiwekwa humo kwa idhini ya mganga mkuu wa wilaya, na muuguzi mmoja aliyefundishwa kuvichanganya: ningeanza na hilo kabla ya kuomba jengo jipya.

Bora zaidi ni kutosubiri kuvuja. Tiba kinga ni kuchoma fakta mara mbili au tatu kwa wiki hata mtoto akiwa mzima. Nchi tajiri hutumia dozi kubwa. Kwingineko imeonekana kwamba hata yuniti 10 kwa kilo, kila dozi, hupunguza sana kuvuja na kumrudisha mtoto shuleni. Sehemu kubwa ya dawa hii hutufikia kama msaada wa Shirikisho la Himofilia Duniani, lililoanzishwa mwaka 1963 na Frank Schnabel wa Kanada, ambaye mwenyewe alikuwa na himofilia kali. Aprili 17, siku aliyozaliwa, ndiyo Siku ya Himofilia Duniani. Misaada ni jambo jema, ila wingi wake hauamuliwi Dodoma.

Kuna dawa mpya, emisizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Huchomwa chini ya ngozi, kila wiki hadi kila wiki nne, haitafuti mshipa. Inafaa pia kwa wenye himofilia A ambao miili yao imetengeneza kingamwili za kuizima fakta wanayochomwa, jambo linalowapata karibu wagonjwa 3 katika kila 10 wenye himofilia A kali. Haimfai mwenye himofilia B, na haizimi damu inayovuja sasa hivi. Anayeitumia abebe kadi yenye jina la dawa, kwa sababu hupotosha kipimo cha APTT na daktari wa zamu anaweza kudhani mtu huyu ni mzima.

Tangu Benjamin Mkapa waanze kupandikiza uloto kwa wagonjwa wa selimundu mwaka 2023, wazazi wengi wanauliza kama upandikizaji huo unaponya himofilia. Hapana. Chembe nyekundu hutengenezwa kwenye uloto, ila fakta namba 8 na namba 9 hutengenezwa kwenye ini. Waliopandikizwa ini kwa sababu nyingine wamepona himofilia, lakini hakuna anayebadilisha ini kwa ajili hiyo peke yake. Tiba ya jeni nayo ipo. Ya himofilia B iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 ilitangazwa kwa dola milioni 3.5 kwa mtu mmoja. Tuiache hapo.

Zipo tiba za bei ndogo ambazo wengi huzipuuza. Asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe, ni kidonge kinachozuia damu iliyoganda mdomoni na puani isiyeyuke. Isitumiwe mkojo ukiwa na damu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji, mguu kuinuliwa na kupumzishwa. Parasetamoli kwa maumivu. Chanjo zote zitolewe kwa sindano nyembamba, na paja libanwe kwa dakika zisizopungua 10. Damu ikitulia, mazoezi: kutembea na baiskeli huimarisha misuli inayolinda goti. Kuchunga ng'ombe si marufuku. Kupigana mieleka na wenzake malishoni ni marufuku.

Na jando lisifutwe. Mvulana mwenye himofilia anaweza kutahiriwa hospitalini, akipewa fakta kabla ya kukatwa na siku kadhaa baada yake, kisha akaungana na rika lake kwa nyimbo na mafundisho. Wazee niliozungumza nao hawakupinga. Walitaka tu waambiwe mapema. Kwa hiyo, mzazi: kama mwanao huvimba viungo bila kuanguka, kama paja lake lilivimba baada ya chanjo, au kama kwenu upande wa mama kuna mjomba aliyekufa kwa kutokwa damu, mpelekeni hospitali akapimwe kabla ya kiangazi kuingia. Msitoke hospitalini bila kadi iliyoandikwa aina ya himofilia, kiwango cha fakta na kama ana kingamwili. Nanyi ngariba na wakataji wa kimeo, jibu likiwa "ndiyo" kwa lolote kati ya hayo matatu, wekeni wembe chini.