Vumbi la asibestosi halionekani

Wengi wetu hapa Kamembe tumewahi kufanya kazi au kulala chini ya mabati ya kijivu ya saruji yenye asibestosi. Yalipendwa kwa kuwa hayashiki kutu, hayaungui, na mvua ikinyesha hayapigi kelele. Hayo yote ni kweli. Ubaya umo katika nyuzi zake.

Asibestosi ni jiwe la mgodini linalochambuka kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele; jicho halizioni zikielea hewani. Bati zima lililotulia juu ya paa halitoi nyuzi nyingi. Hatari huja linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa, linapovunjwa kwa nyundo, au linapozeeka na kuliwa na mvua. Na huku kwetu ardhi hutetemeka: tetemeko la Februari 3, 2008 lilibomoa nyumba Rusizi na Bukavu. Anayefagia vifusi vya mabati hayo kwa ufagio mkavu anavuta sumu.

Nyuzi zikiingia mapafuni, mwili hauwezi kuziyeyusha. Mapafu huota makovu na pumzi hupungua. Wengine hupata saratani ya mapafu, hasa wavuta sigara, au saratani ya utando unaoyafunika. Hiyo ya pili daktari J. C. Wagner na wenzake waliieleza mwaka 1960 kutokana na wagonjwa wa Afrika Kusini, na baadhi yao hawakuwa wachimbaji, waliishi tu karibu na migodi. Ugonjwa huweza kukaa miaka 20, 30, hata 40 kabla ya kujitokeza. Ndiyo maana kapita hukuambia, "Mbona mimi sijambo?" Wako pia wake waliougua kwa kufua ovaroli za waume zao.

Mkataba Namba 162 wa ILO wa mwaka 1986 unasema nguo za kazi hiyo zisipelekwe nyumbani, na mfanyakazi apimwe afya bila malipo. Nchini Rwanda serikali imeamua mabati haya yaondolewe, na Mamlaka ya Makazi (RHA) ndiyo inayosimamia.

Basi ukiambiwa upande paani kubomoa bila kufundishwa, na leso puani, usipande. Mwite kwanza mjumbe wa chama. Leso haizuii nyuzi. Mabati huloweshwa maji, bolti zikafunguliwa, yakateremshwa mazima, yakafungwa kwa plastiki nzito na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Vipande usivichukue kuezekea banda la kuku, hata ukipewa bure.