UKUMBI WA MTANDAONI UWE WETU

Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ambayo wanachama wa African Association waliijenga wenyewe kwa kujitolea. Hawakuwa matajiri wazee wale, lakini walifahamu kwamba akutanaye katika nyumba ya mwingine hukutana kwa hisani ya mwenye nyumba. Twalikumbusha jambo hili kwa kuwa matawi mengi, vyama vya wafanyakazi na vyama vya ushirika sasa hukutana katika intaneti, desturi iliyoenea sana tangu maradhi ya korona ya mwaka 2020. Ni wachache waulizao ukumbi huo ni mali ya nani.

Mara nyingi ni mali ya kampuni ya ng'ambo. Asiyelipa huingizwa bure, kisha katika baadhi ya kumbi hizo mlango hufungwa baada ya dakika 40, hata kama mweka hazina yumo katikati ya kusoma hesabu. Atakaye zaidi hutozwa dola. Nguo ya kuazima, walisema wahenga, haisitiri maungo.

Njia nyingine ipo, nayo ni programu huria. Jitsi ilianzishwa mwaka 2003 na mwanafunzi Emil Ivov katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, Ufaransa. Jina lake latokana na neno la Kibulgaria lenye maana ya nyaya. BigBlueButton ilianza mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, kwa ajili ya kufundishia, na ndiyo maana ina ubao wa kuandikia, kunyosha mkono na kupiga kura. Maandishi ya programu hizi yako wazi: kila mtu aweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha bila kulipia leseni. Chama chaweza kuziweka katika seva yake chenyewe, na mwanachama akaingia mkutanoni kwa kivinjari tu.

Lakini huria si bure. Seva hukodiwa, na fundi hana budi kuitunza, maana seva isiyotunzwa ni nyumba isiyo na kitasa. Tawi moja halitaumudu mzigo huo. Matawi kumi yakichanga yataumudu. Huo ndio ushirika.

Tena faida yake si fedha tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi za jirani. Mazungumzo baina ya Dodoma na Tanga hayana haja ya kuvuka bahari ikiwa seva imo humu nchini na mitandao yetu imeunganishwa hapa hapa.

Liko pia suala la haki. Mkondo mmoja wa picha wa megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Sauti ya kilobiti 40 hula megabaiti 18 tu. Mwenyekiti aachaye kamera zote wazi amemfukuza mkutanoni kuli na mkulima aliyenunua bando la siku moja. Basi kamera zizimwe, isipokuwa palipo na jambo la kuonyeshwa.

Hatusemi mikutano ya ana kwa ana ikomeshwe. Mwanachama asiye na simu ya intaneti ana kadi ile ile na haki ile ile. Kwa hiyo twawaomba makatibu mambo matatu: wakubaliane na matawi ya jirani juu ya seva ya pamoja, mihtasari ya mikutano ibandikwe ofisini kwa lugha inayosomeka, na jambo lihusulo michango au uchaguzi lisikatwe mtandaoni kabla ya wasiokuwamo kuulizwa. Kimya cha mtu aliyeishiwa bando kisihesabiwe kuwa ni ridhaa yake.