Sauti Iliyorekodiwa kwa Siri Mbele ya Hakimu

Sauti iliyorekodiwa bila msemaji kujua inaweza kupokelewa kuwa ushahidi katika mahakama za Tanzania. Mkulima wa Chinongwe, mkoani Lindi, anayerekodi kwa simu wakati karani wa ghala anamdai kitu kidogo ili korosho zake zipimwe hajafanya kazi bure. Lakini hakimu atauliza mambo mawili: sauti hiyo ilipatikanaje, na je, inaaminika?

Zamani swali la kwanza halikuwa na uzito. Wakati wa Hali ya Hatari ya enzi za ukoloni nchini Kenya, Kuruma bin Kaniu alisimamishwa akiwa juu ya baiskeli, akapekuliwa na askari wa vyeo vya chini kuliko sheria ilivyotaka, na ikadaiwa amekutwa na risasi mbili. Alihukumiwa kifo. Rufaa yake ilifika Baraza la Faragha mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, ambalo lilisema ushahidi ukihusika na shauri hupokelewa, hata kama njia iliyotumika kuupata ni haramu. Ni msimamo mkali, na ulitawala mahakama za makoloni kwa miaka mingi.

Tanzania imeuacha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamtaka hakimu aukatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria, isipokuwa akiridhika kwamba kuupokea kutaleta manufaa mahususi na makubwa kwa umma bila kudhulumu haki za mtu. Anayeuleta ndiye anayepaswa kumridhisha.

Hapo ndipo mkulima wetu anapotofautiana na mdukuzi. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inafanya kunasa mawasiliano ya wengine bila mamlaka kuwa kosa la jinai. Mkulima hakunasa maongezi ya wengine. Amehifadhi maneno aliyoambiwa yeye, ambayo angeweza kuyasimulia mahakamani hata bila simu.

Marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2007 yalitaja waziwazi kwamba rekodi za sauti na picha za mshtakiwa zinapokelewa katika kesi za jinai. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ikaongeza vipimo: rekodi ilitengenezwaje, ilitunzwaje, na aliyeianzisha anatambulikaje.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyosumbua. Kipande cha sekunde ishirini kilichozunguka WhatsApp, bila simu iliyokirekodi wala aliyekirekodi, ni kielelezo dhaifu, hasa sasa ambapo akili mnemba inaweza kuiga sauti ya mtu. Simu yenyewe itunzwe, rekodi isikatwe, kila aliyeishika ajulikane, na aliyerekodi aje kuhojiwa na upande wa pili. Mtu anayeijua sauti ya msemaji aweze kuitambua. Kwa rushwa, ni salama zaidi kwenda mapema kwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa kuwa mtego wao huwa na mashahidi na noti zilizowekwa alama.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama kisheria tangu 2021, hivyo maongezi ya lugha nyingine, kama Kimwera cha mkulima wetu, hayana budi kufasiriwa. Na katika Mahakama ya Mwanzo, ambako madai mengi ya vijijini huanzia, Sheria ya Ushahidi haitumiki: mahakama hizo zina kanuni zake za ushahidi, nyepesi zaidi, zilizoandikwa enzi ambayo simu ya mkononi haikuwapo.