Kuchora Ramani kwa Kujitolea: Kazi ya Bure Inayoweza Kuzaa Ajira

Wasafirishaji wengi wanamfahamu kijana wa namna hii. Ni utingo ambaye baada ya safari chache anaijua njia yote kuliko hata dereva. Anajua barabara inayojaa tope wakati wa masika, daraja lisilofaa kupitisha trela, ilipo mizani, na yadi yenye mlinzi usiku. Maarifa hayo yanamfaa tajiri wake kila siku. Lakini siku gari likiuzwa, kijana anarudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu hana cheti wala karatasi ya kuonyesha anachokijua.

Katika makala haya tunaeleza njia moja ambayo watu wengi, wakiwemo vijana wa Afrika Mashariki, wameitumia kugeuza maarifa kama hayo kuwa kazi. Njia hiyo ni kujitolea kuchora ramani kwenye intaneti.

Ramani ya watu wote

OpenStreetMap ni ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kujitolea. Ilianzishwa nchini Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Mtu yeyote anaweza kujiandikisha bila malipo. Akishajiandikisha, anafungua picha iliyopigwa na setilaiti, anachora barabara au jengo analoliona, kisha anaandika jina na maelezo anayoyajua. Wengine wakiona kosa wanalisahihisha. Ramani hiyo inaruhusiwa kutumiwa bure, hata kwa biashara, mradi chanzo chake kitajwe na masharti ya leseni yafuatwe.

Jambo kubwa kwa mtafuta kazi ni hili: kila badiliko analofanya linahifadhiwa pamoja na jina alilojiandikishia na tarehe. Baada ya mwaka mmoja au miwili ana daftari la kazi ambalo mtu yeyote anaweza kulikagua.

Wafanyabiashara mtalielewa hili haraka. Hakuna anayepewa mali kauli siku ya kwanza. Anayepewa ni yule ambaye watu wamemwona akichukua mzigo, akiuza na akirudisha fedha kwa wakati. Kujitolea mahali ambapo kazi yako inaonekana hujenga imani ya aina hiyo hiyo.

Mifano ya kweli

Mwaka 2009 mtaa wa Kibera jijini Nairobi ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani, ingawa watu wengi wanaishi humo. Mwaka huo ulianzishwa mradi wa Map Kibera. Vijana wa mtaa huo walifundishwa kutumia vifaa vya GPS, wakapita vichochoroni wakiweka alama za shule, zahanati, mabomba ya maji na vyoo. Baadaye kazi hiyo ilipelekwa Mathare na Mukuru. Mradi ulikua ukawa taasisi, na waliokuwa wanafunzi wakawa walimu wa wengine.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Haiti. Mamia ya watu waliojitolea, wengi wao wasiowahi kufika huko, walichora mitaa ya Port-au-Prince kwa kutumia picha za setilaiti, na waokoaji wakazitumia ramani hizo. Mwaka huo huo lilisajiliwa shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team. Lilianza na watu wa kujitolea, na leo lina wafanyakazi wa mshahara katika nchi mbalimbali.

Dar es Salaam nako, mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walichora mifereji, nyumba na njia ili kusaidia kupambana na mafuriko. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa shirika la OpenMap Development Tanzania, ambalo linaendelea na shughuli za ramani hadi sasa.

Makampuni makubwa nayo yameingia. Amazon, Meta, Microsoft na Apple yamewalipa watu kuhariri ramani hii. Amazon, kwa mfano, inaihitaji ili magari yake yafikishe vifurushi mlangoni kwa mteja. Huo ni usafirishaji, ndugu msomaji, kazi yako wewe.

Utingo wetu aanzie wapi?

Kwanza, ajiandikishe kwa jina moja na adumu nalo. Anayefungua akaunti mpya kila mara hutawanya daftari lake.

Pili, aanze na anachokijua kuliko wengine: barabara za mji wake wa mpakani, vituo vya mafuta, mizani, yadi za malori, nyumba za wageni. Mtu aliye Ulaya anaweza kuona paa la jengo kwenye picha ya setilaiti, lakini hawezi kujua kwamba ni ghala la mahindi.

Tatu, akubali kusahihishwa. Huko ndiko anakojifunza ufundi, na huko ndiko watu wanakoiona tabia yake.

Nne, awafundishe wenzake. Mara nyingi anayejua kufundisha ndiye anayeitwa kwanza mradi wenye malipo unapokuja.

Mambo ya kuangalia

Asinakili ramani ya kampuni nyingine, kwani ni mali ya watu. Asipige picha kambi za jeshi wala maeneo ya forodha bila ruhusa. Dereva asishike simu akiwa kwenye usukani. Kazi hii ifanyike gari likiwa limesimama.

Pia tusidanganyane. Kujitolea si ahadi ya ajira. Wapo waliochora miaka mingi bila kulipwa, nao wameridhika kwa sababu mji wao unaonekana. Kwa hiyo asiache kibarua kinachomlisha. Atenge saa chache kwa wiki. Na mtu akimtaka alipe ada ili "apewe nafasi ya kujitolea", amkimbie, huyo ni tapeli.

Wenye magari nao wana faida yao hapa. Njia ikichorwa vizuri, dereva mgeni hapotei, mafuta hayamwagwi bure na mzigo unafika kwa siku iliyopangwa. Mruhusu kijana wako atumie saa za foleni mpakani kuchora anachokijua. Gharama yake kwako ni kuchaji simu na bando dogo la intaneti. Na siku gari litakapouzwa, hataondoka mikono mitupu.