Jakom ni Nani? Rada ya Vyeo Ndani ya Projekti ya Programu Huria

Msee wangu wa Kosele, twende polepole na hii. Ukisikia mtu akisema "programu huria", usidhani ni kitu ya bure imezubaa tu bila mwenyewe, kama ng'ombe imekata kamba. Ni programu yenye msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuutumia, bora afuate leseni. Lakini wenyewe wako. Shida ni kwamba projekti mingi haijawahi andika wenyewe ni kina nani, kila mmoja anafanya nini, na huyo mkubwa akichoka, nani anashika usukani.

Na usiseme hii ni story ya wazungu na haikuhusu. Mwaka wa 2004, madaktari wawili wa Regenstrief huko Indiana, Paul Biondich na Burke Mamlin, walikuja Eldoret kusaidia AMPATH na rekodi za wagonjwa wa HIV, wagonjwa wakiwa wameanza kuwa wengi kuliko mfumo wa zamani ungeweza kubeba. Hapo ndio OpenMRS ilizaliwa. Wizara yetu ya Afya ikachukua huo msingi, ikajengewa KenyaEMR juu yake. Homa Bay na Migori ni kati ya kaunti zenye HIV iko juu zaidi Kenya, so ukiona karani wa kliniki akibonyeza kompyuta kabla shosho apewe dawa zake za miezi mitatu, kuna uwezekano mkubwa anatumia hiyo kitu. Sasa siku mfumo ukikataa kufungua faili ya shosho, swali la "nani anahusika" halitakuwa la wasomi tena. Foleni iko hapo, inangoja.

Wacha nikupeleke stage ya boda. Jakom wa stage si mwenye pikipiki zote. Kila msee ako na yake, na akikasirika anaweza kuhamia stage ingine. Nguvu ya jakom inatoka wapi basi? Inatoka kwa wasee kukubaliana kwamba yeye ndiye ataamua nani anabeba abiria kwanza, ataongea na karao, na atatatua vita. Jakeno anashika pesa lakini haamui foleni. Wakianza kuingiliana kazi, hapo ndio unasikia stage imegawanyika mbili.

Programu huria iko hivyo hivyo. Mtu akichukia uongozi anaweza kunakili msimbo wote na kuanzisha yake kando, na leseni inamruhusu. Kwa hivyo kiongozi huko hawezi kutisha mtu na mshahara. Yake ni kuaminika tu.

Vyeo vyenyewe, kutoka chini: kuna mtumiaji, huyo ni karani wa kliniki, na akiripoti vizuri kwamba kitu imeharibika tayari amesaidia. Kuna mchangiaji, anayetuma marekebisho lakini hawezi kuyaingiza mwenyewe. Kuna mwenye funguo, yule anayesoma kazi ya wengine na kuamua iingie ama irudishwe. Halafu mtunzaji mkuu, anayeangalia mradi unaelekea wapi na kukataa vitu. Kukataa ndio kazi yake ngumu kushinda zote, manze. Kila mtu anataka kipengele chake kiingie, na kila kipengele ni mzigo wa kubebwa miaka.

Alafu kuna wale watu husahau kuwapa cheo: anayetoa toleo jipya na kuhakikisha halivunji la zamani, anayeandika maelezo, anayetafsiri, anayepokea ripoti za usalama kimyakimya kabla wezi wajue, na anayeamua kesi wasee wakianza kutukanana. Kwa maoni yangu hao ndio hufanya projekti ikae. Msimbo mzuri bila maelezo ni kama nyumba bila mlango.

OpenMRS walifanya kitu napenda. Wameweka ngazi za wajenzi kuanzia /dev/null, yaani mgeni kabisa, mpaka /dev/5. Kwa kila ngazi wameandika unatarajiwa ujue nini na ufanye nini. Unapanda kwa kazi yenye watu wameiona. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, so unaelewa mbona hiyo kitu ilinigusa.

Lakini nani ana neno la mwisho? Kuna njia kadhaa. Linux, iliyoanza 1991, bado Linus Torvalds ndiye hukubali ama kukataa, ingawa chini yake kuna watunzaji wa sehemu tofauti wanaochuja kazi kabla imfikie. Python nayo ilikuwa na Guido van Rossum kama mtawala wa maisha, kitu wasee walisema kwa utani lakini ilikuwa kweli. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya badiliko moja dogo la lugha hiyo, akaachia kiti. Na hakuchagua mrithi. Wasee wakabaki wakiangaliana. Ilibidi waandike katiba, na 2019 wakachagua baraza la watu 5. Kuna sheria moja hapo ningetaka hata chama za mtaa waibe: watu wanaofanya kazi kwa mwajiri mmoja hawawezi kuwa zaidi ya 2 kwa hilo baraza. Pesa za kampuni moja haziwezi kununua meza yote.

Apache nao hupiga kura za +1, 0 na -1, na kawaida kura hukaa wazi angalau saa 72 ili aliye upande mwingine wa dunia, ama aliyekosa stima, asipitwe.

Na ikikosa kuandikwa? Sikia ya xz. Hiyo ni programu ndogo ya kubana mafaili, iko ndani ya kompyuta mingi sana za Linux. Kwa miaka, mtu mmoja, Lasse Collin, ndiye aliibeba bila kulipwa. 2022 akaanza kusukumwa na akaunti zisizojulikana: uko polepole, pea mtu mwingine nafasi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshasema afya ya akili inamsumbua. Kando kulikuwa na mchangiaji mpole, mchapa kazi, jina Jia Tan. Pole pole akapewa funguo. Mapema 2024 matoleo mawili yakatoka yakiwa na mlango wa siri ndani, wa kumwezesha mtu kuingia kwa seva za watu. Iligunduliwa Machi 2024 kwa sababu mhandisi mmoja, Andres Freund, alishangaa mbona kuingia kwa seva kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, buda! Huyo Jia Tan ni nani, mpaka leo haijajulikana hadharani.

Ukiangalia vizuri, hapo hapakuwa na wa pili wa kuaminika, hapakuwa na njia ya kupumzika, na hapakuwa na sheria kwamba toleo liangaliwe na macho mawili. Mtu mmoja mchovu ndiye alikuwa ukuta wote.

Linganisha na Ushahidi, yetu ya hapa. Ilianza Januari 2008 wakati nchi inawaka baada ya uchaguzi. Ory Okolloh alitoa wazo, na David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman wakawa kati ya walioijenga. Ory alipoondoka kuelekea Google, Rotich akashika uongozi na kazi ikaendelea. Aliyebuni alitoka na nyumba haikuanguka.

Sasa tuseme wewe na mabeshte wawili mnajenga ka-programu ka bei za mahindi na omena sokoni. Mko watatu, mnaona katiba ni kujigamba. Andikeni tu, faili moja fupi mkaiita GOVERNANCE, ikae karibu na README. Nani anakubali mabadiliko, na kama mko wawili mkibishana wa tatu anaamua ama mnangoja siku ngapi. Mtu akinyamaza miezi mitatu funguo zake zinachukuliwa, bila chuki, na akirudi anarudishiwa. Kila toleo liangaliwe na mtu ambaye hakuliandika. Pesa za wafadhili zikija, jina la nani liko kwa akaunti, na ni sahihi ngapi za kutoa.

Na ile kitu kila mtu husahau: jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya nani, na paswadi anaijua nani mwingine? Pigia hao mabeshte leo uwaulize.